Mwajiri wa Katekista ni Nani?



Mababa mapadre, masista, viongozi wa halmashauri za walei, na nyote mliokubali kuiacha Jumamosi yenu kwa ajili ya mazungumzo ya mishahara, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya watu wanaolipwa na parokia zetu: ni akina nani, na wanafanya kazi katika hali gani. Nitabaki na Tanzania Bara, kwa sababu ndiko ninakojua daftari za parokia zinavyoandikwa, na ndiko sheria nitakazozitaja zinakotumika.

Kila Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, tunasomewa matangazo. Tunaambiwa sadaka ya Misa ya kwanza ilikuwa shilingi ngapi, ya Misa ya pili ngapi, ya Misa ya watoto ngapi. Tunajua jumuiya ipi imeongoza kwa zaka na ipi imeshika mkia, na mwenyekiti wake huinamia kiatu chake. Tunajua mfuko wa ujenzi umefika wapi na paa linahitaji bati ngapi. Nimesali katika parokia nyingi za nchi hii, na bado sijasikia tangazo la kwamba mwezi uliopita tulilipa mishahara kiasi hiki, kwa watu hawa, na michango yao imeshapelekwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Sidhani kuna anayeficha. Mishahara imewekwa tu chini ya "matumizi ya kawaida", pamoja na umeme, mishumaa na dizeli, na matumizi ya kawaida hayatangazwi.

Basi tuwataje. Katika parokia ya mjini yenye ukubwa wa wastani yupo katibu wa ofisi, anayepokea nia za Misa, anayeandika vyeti, na anayepekua daftari la ubatizo la miaka arobaini iliyopita kumtafuta mtu anayefunga ndoa Arusha wiki ijayo. Yupo mhasibu, au mtu anayeitwa mhasibu. Yupo sakristani. Katika nyumba ya mapadre wapo mpishi na msaidizi wake, na anayefua nguo. Nje kuna mtunza bustani, walinzi wa mchana na usiku, pengine dereva. Parokia ikiwa na chekechea, walimu wake mara nyingi ndio wengi kuliko wafanyakazi wengine wote, na karibu wote ni wanawake vijana. Mwalimu wa kwaya yuko mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje: posho yake huchangwa na wanakwaya wenyewe, na parokia hujifanya haimjui mpaka askofu atakapokuja kutoa kipaimara. Na yupo katekista, ambaye kila mtu humwita Mwalimu.

Kijijini orodha hufupika. Anabaki mpishi, mlinzi, katekista wa parokia, kisha makatekista wa vigango, ambao ni wakulima na wafugaji wanaoongoza ibada ya Jumapili pale padre asipofika, wanaofundisha wakatekumeni, wanaozika, na wanaoamshwa usiku wa manane kwenda kumwombea mgonjwa. Wengi wao hawapati mshahara wowote.

Masista nawaweka kando leo, maana kazi zao parokiani huendeshwa kwa makubaliano kati ya jimbo na shirika lao, na hayo yanastahili mhadhara wake. Mapadre vilevile. Ninaowazungumzia ni walei, na kati yao si wote ni Wakatoliki. Mlinzi wa geti anaweza kuwa Mwislamu anayeswali alfajiri kando ya pango la Bikira Maria, na parokia nyingi zingekiri kwamba huyo ndiye asiyechelewa kazini.

Nianze na katekista, kwa sababu historia yake inaeleza mengi kuhusu wengine wote.

Kwa kulinganisha, nchini Marekani Kanisa lilianza kuwahesabu rasmi walei walioajiriwa katika uchungaji wa parokia mwaka 1990. Wakati huo walikuwa kama 21,500, wakihesabiwa wale wa angalau saa 20 kwa wiki. Mwaka 2005 walikuwa wamepita 30,000, na wanne kati ya kila watano walikuwa wanawake. Wamarekani wenyewe wanaeleza kwamba mapadre na watawa walipungua, walei wakaziba pengo. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mlei alikuwa kazini kabla padre hajafika.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadre Weupe walipoingia bara miaka kumi baadaye, hawakuwa na idadi ya kufika kila kijiji. Waliofika ni watu kama Adrian Atiman. Huyu alikombolewa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akapelekwa Malta kusomea udaktari kwa mpango wa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, kisha akaletwa Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa daktari na katekista kwa pamoja. Alibaki Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Atiman tunamkumbuka kwa jina. Wale waliopelekwa vijijini na kitabu cha sala, ubao na chaki hatuwakumbuki, na ndio waliojenga Kanisa hili: asubuhi wakifundisha kusoma na kuandika chini ya mti, jioni wakifundisha katekisimu. Ujira wao ulikuwa mdogo, kwa kawaida nguo, chumvi na fedha kidogo, lakini ulikuwepo, na kila mtu alijua unatoka misioni.

Kisha njia mbili zikaachana. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizofuata viwango vyake, zenye walimu wenye vyeti. Mwalimu mwenye cheti akapata mshahara wa kueleweka. Mwalimu wa dini wa kijijini, asiye na cheti cha serikali, akabaki na alichokuwa nacho. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitaifisha shule, mwalimu wa darasani akawa mtumishi wa umma kamili, mwenye likizo na pensheni. Katika sekta ya afya njia ilikuwa nyingine, lakini mwisho wake ulifanana: hospitali za Kanisa ziliingia ubia na serikali, hasa baada ya makubaliano ya mwaka 1992, na wauguzi wengi wakalipwa au kuongezewa na Hazina. Hivyo kazi zote tatu zilizotoka tumboni mwa misioni moja, ya kufundisha, ya kutibu na ya kuhubiri, zikapata bahati tofauti. Mbili zilimpata mlipaji mwingine. Ya tatu ilibaki mikononi mwetu, na sisi tukaipa jina la wito.

Wala jina hilo si la uongo. Papa Fransisko, katika barua yake Antiquum Ministerium ya Mei 2021, aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi, yenye ibada yake ya kusimikwa. Ni heshima iliyostahili. Tatizo langu ni namna neno wito linavyotumika kwenye kikao cha kamati ya fedha. Katekista akiomba aongezewe, anakumbushwa kwamba malipo yake yako mbinguni. Fundi wa paa akileta bili, hakumbushwi.

Watu wanapenda kumtaja Mtume Paulo, aliyeshona mahema ili asiwalemee waamini. Someni tena sura ya tisa ya barua ya kwanza kwa Wakorintho. Paulo anatumia aya baada ya aya kuthibitisha kwamba mhubiri ana haki ya kuishi kwa kazi yake, kwa mfano wa askari, wa mkulima, wa mchungaji, na wa makuhani wa hekaluni. Akishaithibitisha, ndipo anaiacha, yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Hakuna halmashauri ya Korintho iliyokaa na kuamua kumnyima.

Kanisa lenyewe limeandika msimamo wake mahali pengi. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Ad Gentes, ya mwaka 1965, inataka makatekista wanaojitoa kwa kazi hiyo moja wapate kipato cha haki kitakachowapa maisha ya staha na hifadhi ya jamii. Kanuni ya 231 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema walei waliowekwa katika huduma maalumu ya Kanisa wana haki ya malipo ya staha, ya kutosha mahitaji yao na ya familia zao, na haki ya bima, hifadhi ya jamii na matibabu. Kanuni ya 1286 inawaelekea wasimamizi wa mali za Kanisa: wanapoajiri, wafuate kwa makini sheria za kazi za nchi. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikwenda mbali zaidi, ikasema Kanisa linalotaka kuhubiri haki lazima kwanza lionekane lenyewe ni la haki, na ikawataja wafanyakazi wa Kanisa waziwazi. Na kila baada ya miaka mitatu, Jumapili ya 26 ya Mwaka B, tunasimama mbele ya mimbari kusoma sura ya tano ya Yakobo juu ya ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba. Vipaza sauti vyetu vya siku hizi ni vizuri. Mlinzi getini anasikia kila neno.

Sasa sheria za nchi. Kuna imani iliyoenea kwamba dini iko nje ya sheria za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawataja wazi ambao haiwahusu: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Orodha inaishia hapo. Parokia haimo.

Mtu atasema katekista si mwajiriwa, anapewa posho tu, hana mkataba. Kukosa mkataba kunamfanya aliyemwajiri awe na kosa, hakumwondolei mfanyakazi hadhi yake. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inaweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa, na kimoja tu kinatosha kumfanya achukuliwe hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Je, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine? Je, ni sehemu ya taasisi hiyo? Je, anategemea kipato kutoka huko? Je, anapewa vitendea kazi? Je, kwa miezi mitatu iliyopita amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi? Mchukueni katekista wa parokia, yule anayekaa katika nyumba ya parokia, anayepangiwa ratiba na paroko, anayeendesha pikipiki ya parokia. Hakosi hata kigezo kimoja. Sakristani ni hivyo hivyo, mpishi ni hivyo hivyo.

Katekista wa kigango ni jambo jingine, nami sitaki kuwadanganya. Anayeongoza ibada Jumapili na kufundisha mara moja kwa wiki, siku nyingine akiwa shambani kwake, kwa maoni yangu ni mtu anayejitolea kweli, na kumgeuza mwajiriwa kungeleta matatizo zaidi ya yale yatakayotatuliwa. Lakini hata yeye ana gharama: baiskeli, muda wa maongezi, siku za semina ambazo shamba linabaki bila mtu. Kumrudishia alichotumia mfukoni kusihesabiwe kuwa mshahara, wala kusihesabiwe kuwa hisani.

Hebu tukae na mlinzi, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi. Tukiwa wema tuseme ana usiku mmoja wa kupumzika kwa wiki. Hizo ni saa 72. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zimezidi 27, na kwa wiki nne ni saa 108 za ziada, wakati sheria inaruhusu zisizozidi 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano, na zilipwe mara moja na nusu. Juu ya hayo, kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira wa kawaida. Nimeshika madaftari ya malipo ya parokia kadhaa, na nyongeza ya usiku sijaiona hata kwenye moja. Parokia yenye mlinzi mmoja wa usiku inahitaji wawili wa kupokezana. Ukweli ni huo. Isipoweza, ifunge geti na kufuli, iweke taa, imwajiri mlinzi kwa saa inazoweza kulipia.

Mpishi ana matatizo ya aina nyingine, kwa sababu saa zake hazionekani. Chai ya alfajiri kabla ya Misa, chakula cha mchana, cha jioni, na mgeni aliyeingia saa 3 usiku kutoka dekania jirani. Kati ya chakula na chakula anahesabiwa kuwa amepumzika, ingawa anachambua mchele wa kesho. Krismasi na Pasaka, sikukuu ambazo sheria inataka zilipwe mara mbili, ndizo siku zake nzito kuliko zote, na kwa kawaida shukrani yake ni kipande cha kitenge na nyama ya kwenda nayo nyumbani. Zaidi ya hapo kuna suala la kiwango. Amri ya kima cha chini cha mshahara hupanga viwango kwa sekta, na wafanyakazi wa majumbani wako karibu na chini kabisa. Parokia nyingi humweka mpishi hapo. Mimi nasema nyumba ya mapadre si nyumba ya familia. Ni makazi ya taasisi, yenye ofisi, vikao na wageni wa kikazi, na anayepika humo anaihudumia taasisi. Wanasheria wanaweza kunibishia. Wakifanya hivyo, nitawauliza wamehesabu sahani ngapi siku ya kikao cha dekania.

Sakristani naye ana jambo lake la Jumapili. Sheria inampa kila mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kwa wiki, na hailazimishi yawe Jumapili. Parokia ingeweza tu kumpa Jumatatu, siku ambayo mapadre wengi wenyewe hupumzika. Lakini Jumatatu ndiyo siku ya kufua kanzu na vitambaa vya altare.

Likizo ya mwaka ni siku 28. Uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 kwa mapacha. Ugonjwa una siku zake, 63 za mshahara kamili na 63 za nusu, katika mzunguko wa miezi 36. Katika chekechea zetu, mwalimu akijifungua mara nyingi huambiwa akapumzike vizuri na nafasi yake hupewa mwingine, na akiwa hajaolewa haambiwi hata hilo. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo tunapokosana. Kanisa lina haki ya kudai kwamba katekista, anayefundisha wengine juu ya sakramenti ya ndoa, awe na ndoa halali. Hiyo ni sifa ya kazi yenyewe, na sheria ya nchi inatambua kwamba kazi fulani zina masharti yake ya msingi. Naliunga mkono. Lakini kufua nguo hakuna sharti hilo. Wala kulinda geti, wala kufundisha watoto wa miaka minne kuhesabu. Kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya mimba ni kosa wazi katika sheria, na kwa watu tunaotetea uhai tangu kutungwa mimba ni jambo la ajabu zaidi ya kosa.

Nimefika kwenye swali la kichwa cha mhadhara.

Muulizeni mfanyakazi wa parokia mwajiri wake ni nani, atasema ni Baba Paroko. Muulizeni paroko, atasema ni halmashauri, au kamati ya fedha. Kamati itasema yenyewe inashauri tu, na ndivyo ilivyo katika kanuni ya 537. Jimbo litasema kila parokia inajitegemea. Kwa Sheria za Kanisa parokia ni nafsi ya kisheria, na kanuni ya 532 inamfanya paroko msemaji wake. Kwa sheria za nchi, hata hivyo, parokia kwa kawaida haijasajiliwa peke yake. Ardhi, magari, akaunti na kesi huwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo. Siku mfanyakazi anapokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, jina atakalotakiwa kuandika kwenye fomu ni hilo, na mara nyingi ndiyo siku yake ya kwanza kulisikia. Akiandika jina la paroko au la parokia, shauri linaweza kukwama kwa kumshtaki asiyehusika. Na ana siku 30 tu tangu kuachishwa.

Ndiyo maana kuhamishwa kwa paroko ni msimu wa hofu. Barua za askofu zikitoka, waamini huandaa zawadi na keki. Mpishi, dereva na katibu huanza kuulizana huyo anayekuja ana watu wake au hana. Paroko mpya akija na mpishi kutoka parokia ya zamani, yule aliyekuwepo huambiwa asante. Kisheria hakuna kilichobadilika hata kidogo. Mwajiri aliyekuwepo Jumamosi ndiye aliyepo Jumatatu. Kuhama kwa padre hakujawahi kuwa sababu halali ya kumwondoa mtu kazini, na aliyeondolewa bila sababu halali na bila kusikilizwa ana madai yanayozidi ile nauli ya kurudi kwao.

Hasara kubwa zaidi haionekani mpaka mwisho. Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Katekista aliyetumika miaka 30 bila mchango hata mmoja anaagwa kwa Misa nzuri, hati ya shukrani yenye fremu, mbuzi, na bati za kuezekea. Halafu anahama nyumba ya parokia, kwa sababu katekista mpya anaihitaji. Nyumba yake mwenyewe hakuwahi kuijenga, maana alikuwa akiishi katika ile.

Mtasema parokia hazina fedha. Nyingine hazina kweli. Ila tufanye hesabu ya mfano kabla ya kukata tamaa. Tuchukue parokia yenye wafanyakazi saba na jumla ya mishahara ya shilingi milioni 2 kwa mwezi. Mchango wa mwajiri wa asilimia 10 ni shilingi 200,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wa nusu ya asilimia moja, ni shilingi 10,000. Parokia hiyo ikiwa na jumuiya 30, ni shilingi 7,000 kwa jumuiya kwa mwezi. Jumuiya yenye familia 15 haifikishi hata shilingi 500 kwa familia. Nimeona jumuiya hizo hizo zikichangishwa mara mia ya kiasi hicho kwa ajili ya vigae, na zikatoa, na kushangilia. Watu wetu hutoa kwa kinachotajwa. Mlinzi hatajwi.

Ninakubali kwamba parokia ya vigango kumi na viwili, huko ambako mvua ikikosa hata zaka ni ya mihogo, haitaweza hesabu hiyo peke yake. Na ndiyo sababu naona tumekosea kuiachia parokia moja moja mzigo huu. Kwa mapadre Kanisa limeshapata dawa: kanuni ya 1274 inataka kila jimbo liwe na chombo cha kutunza mapato kwa ajili ya riziki yao, ili padre wa parokia maskini asife njaa jirani na padre wa parokia tajiri. Walei hawana chombo kama hicho katika majimbo mengi, na hakuna kanuni inayokataza kiwepo.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba jimbo ambalo tayari ni mwajiri mahakamani liwe mwajiri pia ofisini. Liwe na daftari moja la wafanyakazi wote wa parokia zake, mkataba wa aina moja kwa kila kazi, ngazi ya mishahara inayojulikana, na malipo yanayopitia benki au simu kutoka ofisi moja. Parokia zichangie kwa uwezo wao, na parokia ya mjini ichangie zaidi ya inachotumia. Shule nyingi za majimbo zinaendeshwa karibu hivyo, na mwalimu wa sekondari ya jimbo haulizi paroko mpya ana watu wake au hana.

Ujerumani wana kitu kingine ambacho tungeweza kukichungulia, ingawa wao wana kodi ya kanisa ya asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato na sisi tuna vikapu. Masharti ya kazi katika majimbo yao hupangwa na tume ambamo nusu ya wajumbe wanatoka upande wa wafanyakazi. Wana lawama zao juu ya mfumo huo, hasa kwa kuwa mgomo hauna nafasi ndani yake. Lakini hebu fikirini kamati ya fedha ya parokia au ya jimbo ambamo katekista mmoja na mpishi mmoja wamekaa mezani siku bajeti inapopitishwa. Kwa sasa mpishi huwa chumbani humo, ni kweli. Analeta chai.

Mwaka 1891 Leo XIII alitoa waraka Rerum Novarum akitetea ujira wa haki wa mfanyakazi wa kiwandani. Mei 2025, Papa mpya alipoeleza kwa nini amejiita Leo XIV, alimtaja Leo huyo na waraka huo kama sababu yake kuu. Natarajia tutaandaa makongamano mengi juu ya jina hilo, na katika kila kongamano kutakuwa na chakula, ulinzi na viti vya kupanga.

Nafahamu litakaloulizwa kwanza tukimaliza hapa, kwa sababu mapadre wawili wameshaniuliza mlangoni. Jimbo likiwa mwajiri, paroko atabaki na mamlaka gani juu ya watu anaoishi nao nyumba moja? Ni swali la haki, kwa sababu padre asiyemwamini mpishi wake hali vizuri. Mamlaka ya kusimamia kazi ya kila siku yabaki kwake yote: ratiba, maonyo, taarifa ya utendaji kila mwaka. Mamlaka ya kuajiri na kufukuza yaondoke kwake. Paroko mpya akitaka mpishi mwingine, aandike sababu kwa jimbo, mpishi apewe nakala na nafasi ya kujibu, na jimbo likiona hawaivani, limhamishie parokia nyingine kwa mshahara ule ule na miaka yake ile ile ya utumishi, kama linavyofanya kwa mapadre.